Mgeni wa Banda la Malkia

Keti hapo dirishani, mwanangu, penye upepo. Umeniona nikijaza birika? Vizuri. Nimelijaza maji mpaka shingoni, nimelifunika, nimeliweka mezani mbele yako. Usiliguse. Sasa ni saa sita na robo, na chai nitakupa saa nane. Najua si desturi yetu kumweka mgeni mdomo mkavu, lakini nina sababu yangu, na leo nitakwambia.

Mama yako tumemzika Jumamosi. Alipokuwa hai sikuweza kufungua mdomo. Sasa umekuja na hiyo barua ya serikali uliyoikuta sandukuni mwake, inayosema afisa wa tarafa Ndirangu aliuawa na mashifta, wale waasi wa Kisomali, kule Garissa mwaka wa sitini na sita akilitetea taifa. Unataka jina lake lichongwe kwenye jiwe kando ya jina la mama yako, na juu yake neno shujaa. Wacha nicheke kidogo. Baba yako hakuuawa na shifta yeyote. Nilikuwepo, na nilikuwa karibu naye kuliko nilivyo karibu na wewe sasa.

Nilikuwa na miaka kumi na minane. Nilifika Garissa mwezi wa pili, juu ya lori, katika msafara uliolindwa na wanajeshi kutoka Mwingi. Nilileta ndizi, viazi na blanketi ya mtoto, kwa sababu dada yangu Kagendo alikuwa na mimba ya miezi saba. Mimba hiyo ni wewe. Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida. Wanawake wa Kisomali walikuwa wakiuza maziwa ya ngamia nje ya boma la serikali, punda wakipandisha maji kutoka mto Tana, na askari wa lango alikuwa amesinzia, bunduki magotini. Kama si seng'enge kila ulipotupa jicho, ungesema hakuna vita. Dada yangu alinipa uji, akanicheka jinsi vumbi lilivyonipaka nyusi.

Baba yako alinipokea kwa kuangalia saa yake. "Shemeji, umechelewa," akasema, utafikiri lori niliendesha mimi.

Nikueleze mtu alivyokuwa, maana picha ile uliyonayo haisemi. Alikuwa na kofia ya serikali na fimbo ya kwapani aliyonunua kwa mzungu aliyekuwa akifunga virago. Alitembea polepole ili watu wapate nafasi ya kumtazama. Uhuru kwake ulikuwa ni kurithi kiti cha mzungu na kukikalia vilevile alivyokikalia mzungu. Nyumbani hakujimiminia hata maji. Aliita "Kagendo," akanyoosha mkono bila kugeuka, na kikombe kikaja. Mwezi mzima niliokaa pale sikumwona akimpa mtu kitu kwa mkono wake mwenyewe. Hata wageni wake karani ndiye aliyewasalimia kwanza.

Nyuma ya boma, ukiteremkia mtoni, palikuwa na bustani iliyokauka, na katikati yake banda. Watu waliliita Banda la Malkia, ingawa hakuna malkia aliyewahi kulitia mguu. Lilikuwa na nguzo nane zilizopakwa chokaa, sakafu ya saruji nyekundu, na paa la mabati lililokatwa ncha ncha kuzunguka ukingo ili lionekane kama taji. Mabati, mwanangu, yamekatwa kwa mkasi wa fundi, ndiyo taji. Ndani palikuwa na kiti kimoja tu cha mvule, chenye mgongo mrefu, miguu yake imefungwa kwenye saruji kwa bolti ili kisiibwe.

Mtunza bustani aliitwa Elema, mtu wa wale wafugaji wanaosema Kioromo kutoka upande wa Wajir. Nilimkuta akifagia kuzunguka banda. Alifagia mpaka kwenye kidato cha kuingilia, akaacha hapo.

"Na ndani?" nikamuuliza.

"Ndani sifagii."

"Lilijengewa nani?"

"Mama mmoja wa ukoo wa mfalme wa Wazungu. Shangazi yake, au binamu, hata bwana shauri mwenyewe, mzungu aliyetawala wilaya, hakuwa na hakika. Saruji hiyo nilikoroga mimi. Mama hakuja. Alisikia mahali pengine kuna tembo, ndege yake ikageuka." Akatema mate kando. "Alitujengesha miezi minne."

Nilichungulia. Garissa vumbi linaingia mpaka ndani ya mayai. Kiti kile hakikuwa na vumbi hata chembe.

Wiki hiyo hiyo ikaja habari kwamba mkubwa mmoja kutoka Nairobi angepita Garissa na mke wake, kuwaonyesha watu kwamba serikali haiogopi shifta. Baba yako hakulala tena. Chokaa ilipakwa upya, taji la mabati likapigwa rangi ya dhahabu. Kisha akaenda kule kwenye kijiji kilichozungushiwa seng'enge, ambako wafugaji walikuwa wamefungiwa baada ya kunyang'anywa ngamia wao, akatoa watu mia moja na kuwapanga juani waimbe wimbo wa Kiswahili ambao nusu yao hawakuuelewa. Mtu umemfungia, umemchukulia mifugo, halafu unamfundisha kuimba asante. Na yeye hakuona kichekesho chochote hapo.

Mkubwa mwenyewe angesimama kuhutubia, na kiti kilikuwa cha mke wake. Basi baba yako akataka mwanamke wa kukaa kitini wakati wa mazoezi, apimie hatua zake na kuinama kwake. Macho yake yakamwangukia Rukiyo, mama mtu mzima aliyetuletea maziwa kila asubuhi.

"Wewe. Kaa pale."

"Habana, bwana," Rukiyo akasema. Kiswahili chake kilikuwa na ulimi wa Kisomali, kila p kwake ni b. "Nitasimama. Nitaimba. Kwa kiti sikai."

"Unakataa amri?"

"Nakataa kiti."

Baba yako akatabasamu. Akasema kwa upole kwamba kesho Rukiyo na wajukuu wake wangehamia ndani ya seng'enge, wakauzie huko maziwa. Rukiyo akafunga macho. Midomo yake ilikuwa ikisoma dua.

Ndipo mama yako akaweka mkono tumboni, akapanda kidato. "Muache mama wa watu," akasema. "Nitakaa mimi. Kiti ni kiti tu."

Mazoezi yalikuwa hivi. Mama yako aliketi. Baba yako alisimama mbele yake, akavua kofia, akainama, akasema, "Karibu, mama mheshimiwa. Hapa ni nyumbani kwako." Watu mia moja waliimba. Kisha mimi nikaja na sinia ya vikombe vya mzungu vyenye mdomo wa dhahabu, vilivyokuwa vimefungiwa stoo tangu enzi zile, na birika lake. Birika lilikuwa tupu. Niliinamisha birika tupu juu ya kikombe kitupu, na dada yangu akainua kikombe, akajifanya anakunywa, akasema asante. Mara tatu kwa siku, kuanzia saa nne mpaka saa saba, juani.

"Shemeji, si nitie hata maji?" niliuliza.

"Vyombo vitapata madoa. Haya ni mazoezi. Chai ya kweli ni ya mgeni wa kweli."

Jioni ya siku ya kwanza mama yako alikunywa mtungi mzima wa maji akiwa amesimama. Tulicheka. Tukasema ni jua la Garissa na wewe tumboni.

Siku ya pili alikunywa debe. Mhudumu wa zahanati akasema ni joto, akampa vidonge vyeupe. Siku ya tatu nilimkuta uani amepiga magoti kando ya beseni nililofulia nguo. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Povu la sabuni lilikuwa kwenye kidevu chake.

"Kanana," akaninong'oneza, "maji yanapita tu. Hayafiki."

Nilimkimbilia Rukiyo langoni. Alinishika mkono, akanivuta nyuma ya ukuta wa jikoni, akachutama. Aliongea chini chini, akiangalia njia.

"Bole, walal, ndugu yangu. Yule aliyekaa kiti hicho kwanza ni mama yangu. Ebla. Bwana shauri alimchagua kwa sababu urefu wake ulikuwa sawa na wa yule mama wa kifalme. Siku tisa alimkalisha. Kila siku anamwambia karibu, karibu. Kila siku kikombe kitubu. Sisi mgeni akifika, hata kama ni adui, unamba maji kwanza. Mwenye nyumba anamba, kwa mkono wake. Hatumi mtu. Ndiyo baadaye unamuuliza habari. Siku ya tisa walisema mazoezi yamekwisha, inuka. Mama akakataa. Akasema, mimi ni mgeni wa huyu, nangoja maji yake. Walileta maji askari, walileta maji wabishi. Akafunga mdomo. Saa saba mchana akafa, amekaa wima. Inna lillahi."

"Na mzungu?"

"Alicheka. Alisema mwanamke mkaidi. Jioni akaenda kukaa kiti chenyewe, anywe bombe yake aone mto. Kiu ikamshika. Mke wake akamba maji, wabishi wakamba maji. Haikutoka. Alitaka maji ya mkono mmoja tu, na huo mkono tulikuwa tumezika. Elema ndiye alimkuta mtoni, amebiga magoti, uso ndani ya maji. Tumbo imejaa kama kiriba. Serikali ikaandika malaria."

"Sasa dada yangu afanye nini?" nikamuuliza. Rukiyo akainua vidole viwili.

"Kiu yake inaisha kwa njia mbili. Mumewe, yeye aliyesema karibu, ambe maji kwa mkono wake mwenyewe. Mara moja tu, basi. Au mumewe akae kiti hicho mwenyewe, kiu itoke kwa huyu, ihamie kwa yeye. Lakini ikihamia, hakuna atakayemuokoa isibokuwa yule yule aliyenyimwa maji. Unasikia? Dada yako beke yake."

Nilisikia. Nikaenda moja kwa moja mezani kwa baba yako, nikiwa na kikombe cha maji mkononi. Alikuwa akiandika hotuba.

"Shemeji, nakuomba. Mpe dada maji haya. Wewe mwenyewe, kwa mkono wako."

"Na wewe mkono wako umekatika?"

Nilimweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, na nikadhani amenisikia. Kisha akacheka, cheko la puani alilolijifunza kwa mabwana zake. Akasema siku kumi tu nimekaa na watu wa maziwa, tayari nimekuwa mchawi. Akasema nyumba imejaa askari, na eti mimi nataka wamwone afisa wa tarafa akimnywesha mwanamke?

Kagendo alikuwa ametokea mlangoni. Alishika fremu kwa mikono miwili. Alimtazama mumewe. Baba yako akamtazama pia, na Mungu ni shahidi, akakichukua kile kikombe kutoka kwangu. Akasimama. Akapiga hatua mbili. Dada yangu akanyoosha mkono. Kati ya vidole vyake na kikombe palibaki nafasi ya shubiri moja.

Askari akabisha hodi. Baba yako akageuka, akamkabidhi Elema, aliyekuwa akifagia barazani, kikombe. "Mpe mama," akasema, akatoka kumsikiliza askari wake.

Hapo ndipo nilipomchukia. Nimewahi kuwadharau watu wengi maishani, lakini huyo nilimchukia mpaka meno yakaniuma. Mtu hakuombwa damu, hakuombwa ng'ombe. Aliombwa kunyoosha mkono.

Siku ya nne Kagendo alilala sakafuni, shavu kwenye saruji, akitafuta ubaridi. Hata hivyo walikuja kumchukua kwa mazoezi. Siku ya tano vilevile. Jioni hiyo aliuchukua mkono wangu akauweka tumboni.

"Mtoto hachezi," akasema. "Tangu jana."

Niliuacha mkono pale muda mrefu. Hukucheza. Tumbo lilikuwa la moto, na kimya.

Kesho yake ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Saa tatu watu mia moja walipangwa juani. Baba yako alivaa soksi ndefu na kofia, fimbo kwapani. Kiti kiliachwa kitupu kwa ajili ya mke wa mkubwa. Mama yako aliambiwa akae nyumbani asiaibishe mtu kwa midomo ile, lakini alikuja akijikokota, akaketi chini, akaegemea nguzo. Mimi nilisimama na sinia. Mara hii birika lilikuwa limejaa maji baridi ya kuchemshwa, kwa sababu mke wa mkubwa, tuliambiwa, hanywi chai kwenye joto. Kabla watu hawajaja nilikuwa nimemnywesha dada yangu ndoo nzima. Ilikuwa bure.

Saa nne ikapita. Saa tano. Mama mmoja katika waimbaji alianguka, akaburutwa kivulini. Saa sita. Wimbo ulianzishwa kila vumbi lilipotimka barabarani, na kila mara ilikuwa ni mbuzi.

Saa saba kasoro kidogo akaja Kioko, polisi wa redio, anakimbia, karatasi mkononi. Alimnong'oneza baba yako, lakini sote tulisikia. Mkubwa haji tena. Amepitia Malindi, mke wake anataka kuoga baharini.

Ungeona uso wake. Ungemwona, usingetaka jiwe lolote liandikwe jina hilo. Alitazama taji lake la mabati. Alitazama watu mia moja, na watu mia moja wakamtazama, na mahali fulani katikati yao mtoto akacheka. Akavua kofia, akaitupa. Akapanda kidato.

"Bwana, hapana," Elema akasema.

"Hiki ni kiti cha serikali," akasema baba yako. "Na hapa serikali ni mimi."

Akaketi.

Hapakuwa na sauti. Hakuna upepo, hakuna radi. Mimi nilikuwa namtazama Kagendo. Nilimwona akivuta pumzi ndefu, ya mtu aliyetolewa majini. Akapangusa midomo kwa kiganja. Kisha akashika tumbo kwa mikono yote miwili, akacheka, na machozi yakamtoka.

"Kanana," akasema, "amecheza."

Huyo ni wewe. Ulikuwa umecheza.

Nilipomgeukia baba yako alikuwa ameshika koo. "Maji," akasema. Askari wakakimbia na chupa zao. Akanywa moja. Akanywa mbili. Akanywa tano. Maji yalimwagika kifuani, na macho yake yakazidi kutoka. Midomo ilianza kupasuka mbele yetu, katikati, ikatoa damu kidogo.

"Maji."

Hakuna aliyesogea tena. Watu wa seng'enge waliinamisha macho. Wao walijua.

Mama yako naye alijua. Nilikuwa nimemwambia maneno yote ya Rukiyo, kidole cha kwanza na kidole cha pili. Akashika nguzo, akasimama na mimba yake. Akanijia. Usoni mwake hapakuwa na chuki hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Siku sita mumewe alimnyima, na yeye hakusita hata dakika moja.

"Nipe birika," akasema. "Nimpe."

Birika lilikuwa mikononi mwangu. Lilikuwa zito. Lilikuwa limejaa mpaka shingoni, kama hili.

"Ni tupu," nikasema.

"Tupu?"

"Watu wamekunywa. Hakuna kitu."

Aliniamini. Kwa nini asiniamini? Mimi ni mdogo wake. Aligeuka kuelekea nyumbani kuchota mtungini, anatembea haraka kadiri tumbo lilivyomruhusu, na nyumba ilikuwa juu kwenye kilima. Baba yako alimwona akienda. Nadhani hakuelewa. Aliona mgongo wake tu. Akaruka kutoka kitini, akapita katikati ya watu mia moja, nao wakampisha, akateremka mbio mtoni.

Mimi nikainamisha birika taratibu, nikamwaga maji yote kwenye ua lililokauka. Elema aliniona. Hakumwambia mtu, siku ile wala baadaye.

Kagendo alirudi na kikombe kimejaa, akikishika kwa mikono miwili asimwage tone. Alikuta kiti kitupu. Alimfuata mtoni. Baba yako alikuwa amepiga magoti ukingoni, uso ndani ya maji, mikono imekumbatia tope. Tumbo lilikuwa limejaa kama kiriba. Dada yangu alimgeuza, akamtia maji ya kikombe mdomoni, na maji yakatoka pembeni. Ilikuwa saa saba na dakika kumi.

Serikali haiwezi kuandika kwamba afisa wake amekufa kwa kiu, ukingoni mwa mto Tana. Ikaandika shifta. Na kwa kuwa imeandika shifta, ilibidi mtu aadhibiwe, basi usiku ule vibanda vilichomwa ndani ya seng'enge, na watu ambao kosa lao lilikuwa kusimama juani na kuimba wakalala nje na watoto wao. Rukiyo na wajukuu wake waliingizwa huko wiki hiyo hiyo. Hilo nalo niliweke juu ya nani? Nimelibeba mwenyewe.

Mama yako aliniuliza mara moja tu, kwenye lori tukirudi Meru, wewe bado uko tumboni. "Kanana, birika lilikuwa tupu kweli?" Nikamwambia tupu. Na mwezi uliopita, hospitalini, wakati wauguzi walikuwa wamemkataza kunywa na midomo yake imekauka, akaniuliza tena. Alikuwa ananitazama sana. Nikamwambia tupu, dada.

Usinikatize. Sijui kama najuta. Nakuangalia umekaa hapo, mtu mzima, una watoto, halafu nakumbuka ule mkono wangu juu ya tumbo lililonyamaza, na najua ningemwaga maji yale tena. Kisha nakumbuka mama yako akipanda kutoka mtoni na kile kikombe. Hayo mawili hayajawahi kupatana ndani yangu.

Lakini kuna hili. Tangu siku ile, birika lolote lililo nyumbani mwangu, saa saba mchana, ni tupu. Nimebadilisha mabirika sita. Mafundi wamepima, wamechomelea, wamesema halina tundu. Mezani hakuna maji, sakafuni hakuna maji. Saa nane nikilijaza tena linakaa vizuri mpaka kesho yake. Nilisema ni tupu, basi limekuwa tupu. Ndiyo maana mgeni wangu wa mchana hapati chai.

Saa hiyo ya ukutani ni nzima. Inasema saa saba na dakika kumi. Uliniona nikilijaza, na hakuna aliyeligusa. Funua.

Ndiyo. Kavu kabisa, najua. Unatazama nini tena humo ndani? Hebu lilete hapa dirishani, macho yangu si mazuri.

Huo ni mchanga. Mwekundu, laini, mbichi bado. Hapa Meru hatuna mchanga wa namna hiyo; huo ni wa ukingo wa Tana. Miaka yote hii birika limekuwa likikauka tu, mchanga sijawahi kuuona mpaka leo ulipokuja wewe.

Liache. Usilimwage. Chukua kikombe chako uende kisimani ukateke maji wewe mwenyewe, uje uyaweke pale kwenye kiti kitupu, ng'ambo ya meza, kwa mkono wako. Baba yako hawezi kuyapokea kwangu; wewe ndiye uliyenyimwa pamoja na mama yako.